Amri ya Tano na Amri ya Sita: Kondomu, Uzazi wa Mpango na Utoaji Mimba katika Mafundisho ya Kikatoliki Afrika Mashariki

Katika mahubiri mengi ya Kikatoliki Afrika Mashariki, vidonge vya kuzuia mimba, utoaji mimba na kondomu hutajwa kwa mfululizo, kana kwamba ni dhambi moja yenye majina matatu. Muumini husikiliza, akarudi nyumbani akiamini kwamba mke anayemeza kidonge baada ya uzazi wa sita, msichana aliyekwenda uchochoroni kutoa mimba, na mume mwenye VVU anayevaa mpira ili asimwambukize mkewe, wote wametenda jambo lilelile. Hoja ya makala haya ni kwamba hayo siyo mafundisho ya Kanisa. Mafundisho yenyewe yanayatenganisha mambo haya matatu kwa aina ya tendo, kwa amri inayoguswa na kwa uzito wa kosa. Kuyachanganya kumeleta hasara, na sehemu kubwa ya hasara hiyo imebebwa na wanawake walioolewa kanisani, waliotii kila walichofundishwa.

Tuanze na maandishi. Papa Pius XI alitoa waraka wa Casti Connubii tarehe 31 Desemba 1930, miezi michache baada ya maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth kukubali kwamba wanandoa wanaweza, kwa sababu nzito, kutumia njia za kuzuia mimba. Waraka ule ulikataa kabisa. Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII aliunda tume ya kulitazama suala hilo upya, kwa kuwa kidonge kilikuwa kimekwisha kuingia madukani. Mwaka 1966 wengi wa wajumbe walipendekeza msimamo ubadilishwe. Paulo VI hakukubaliana nao. Waraka wake wa Humanae Vitae, wa tarehe 25 Julai 1968, ulikataza katika ibara ya 14 kutoa mimba kwa makusudi, kufunga kizazi, na tendo lolote linalokusudiwa kuzuia uzazi kabla ya tendo la ndoa, wakati wake au baada yake. Yote yamewekwa katika ibara moja, na nadhani hapo ndipo mchanganyiko ulipopata mlango. Msomaji mwenye haraka huishia hapo. Ibara ya 15, ambayo ni fupi sana, husomwa na wachache: inaruhusu tiba inayohitajika kuponya maradhi ya mwili hata kama inafahamika kwamba itazuia mimba, mradi kuzuia mimba si ndilo kusudi. Mwanamke anayepewa vidonge vya homoni kutibu damu isiyokatika hana kosa lolote mbele ya waraka huo. Dawa ni ileile anayoitumia jirani yake kupanga uzazi. Kusudi ni jingine, na kwa hiyo tendo ni jingine.

Yohane Paulo II, ambaye hakuna atakayemtuhumu kwa ulegevu katika mambo haya, alilisema jambo hilo waziwazi zaidi. Katika waraka wa Evangelium Vitae wa tarehe 25 Machi 1995, ibara ya 13, anaeleza kwamba kuzuia mimba na kutoa mimba ni maovu ya aina mbili tofauti. La kwanza linapingana na ukweli kamili wa tendo la ndoa na linahusu fadhila ya usafi wa moyo. La pili linaangamiza uhai wa mtu, linahusu haki, na linavunja moja kwa moja amri isemayo usiue. Ni kweli kwamba Papa anaongeza kuwa maovu hayo mara nyingi yana uhusiano, kama matunda ya mti mmoja. Wahubiri wetu wameushika mti na kuyaacha maelezo ya matunda.

Sheria ya Kanisa nayo inaonyesha tofauti hiyo kwa adhabu zake. Kutoa mimba kulikokamilika huleta adhabu ya kutengwa na Kanisa papo hapo, kwa kanuni ambayo katika Mkusanyiko wa Sheria wa 1983 ilikuwa namba 1398 na tangu marekebisho ya 2021 iko kwenye namba 1397. Kutumia kidonge au mpira hakuna adhabu yoyote ya kisheria. Ni suala la dhamiri na kitubio. Mwanasheria wa Kanisa hawezi kuyachanganya mambo haya hata akitaka. Mhubiri akiyachanganya, anafundisha jambo ambalo mahakama ya jimbo lake mwenyewe hailitambui.

Kuna tukio la kihistoria linalotuhusu kwa karibu. Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, watawa wa kike walijikuta katika hatari ya kubakwa na wanajeshi. Likazuka swali: je, wanaweza kumeza kidonge kama kinga? Mwaka 1961 jarida la Kikatoliki la Italia, Studi Cattolici, lilichapisha majibu ya wanamaadili watatu wa Roma waliokuwa na heshima kubwa, Pietro Palazzini, Francis Hürth na Ferdinando Lambruschini. Walifikia hitimisho kwamba inaruhusiwa. Njia zao za hoja zilitofautiana, lakini msingi ulikuwa kwamba mwanamke anayejilinda dhidi ya jeuri hatendi tendo la ndoa, na kwa hiyo hawezi kuwa analiharibu tendo ambalo hakulichagua. Mwezi Februari 2016, akirudi kutoka Mexico wakati wa hofu ya virusi vya Zika, Papa Fransisko aliikumbuka habari hiyo, akaihusisha na Paulo VI, kisha akasema kwamba kuepuka mimba si uovu katika kila hali, ilhali kutoa mimba ni jinai. Kilichoko kwenye maandishi ni mjadala ule wa 1961, uliofanyika kabla Paulo VI hajawa Papa. Hata hivyo uzito wa hoja haupungui. Kwa zaidi ya nusu karne Roma imejua kwamba dawa moja inaweza kuwa tendo moja kwa mwanamke mmoja na tendo jingine kwa mwenzake, na imelijua hilo kutokana na mateso ya wanawake waliokuwa katika ardhi ya Afrika.

Ikiwa ndivyo, kwa nini sisi tumefundishwa kwa mkupuo? Sababu mojawapo ni namna misaada ilivyokuja. Katika miaka ya 1980 na 1990 kliniki iliyotoa vidonge ndiyo iliyogawa kondomu, kwa fedha za wafadhili walewale, na baadhi ya mashirika hayo yalikuwa yakidai pia sheria za utoaji mimba zilegezwe. Askofu aliyeona gari moja limeshusha vyote vitatu alikuwa na haki ya kushuku. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu, uliofanyika Cairo Septemba 1994, uliongeza moto: Vatikani ilisimama pamoja na baadhi ya nchi za Kiislamu kupinga lugha iliyoonekana kufungua mlango wa utoaji mimba, na hati ya mwisho ikasema utoaji mimba usihimizwe kamwe kama njia ya uzazi wa mpango. Miaka miwili baadaye, jijini Nairobi, Kardinali Maurice Otunga na viongozi wa Kiislamu waliongoza umati kuchoma kondomu na vijitabu vya elimu ya UKIMWI hadharani. Simlaumu Otunga kwa hofu yake. Nchi za Kiafrika zilikuwa zimekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba umaskini wao unatokana na watoto wao, na maneno hayo yanauma. Lakini kilichowashwa siku ile Nairobi hakikuwa mpango wa mtu yeyote wa kupunguza Waafrika. Ilikuwa kinga dhidi ya ugonjwa, na ilichomwa wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia Waafrika walio wengi.

Ugonjwa ulikuwa umefika mapema. Tanzania iliwatambua wagonjwa wake watatu wa kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera, ng'ambo ya mpaka kutoka Rakai, Uganda. Mkoa huo ni moja ya vitovu vya Ukatoliki nchini. Ndiko alikotoka Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika. Misiba ilijaa parokia zilezile zilizokuwa zikijaza seminari na nyumba za watawa. Na ni lazima isemwe, tena kwa sauti, kwamba Kanisa halikukaa kando. Kitovu, karibu na Masaka, Uganda, masista wa Medical Missionaries of Mary walianza mwaka 1987 kuwafuata wagonjwa majumbani wakati hospitali nyingi zilikuwa zikiwarudisha kwao wakafe. Nairobi, Mjesuiti Angelo D'Agostino alifungua mwaka 1992 nyumba ya Nyumbani kwa ajili ya watoto yatima wenye VVU. Hospitali za Bugando, Peramiho, Ndanda na Nsambya, pamoja na hospitali ndogo zisizohesabika za majimbo, zilibeba mzigo ambao serikali zisingeweza kuubeba peke yake. Anayeandika kuhusu Kanisa na UKIMWI bila kuyataja haya hajaandika ukweli.

Kutokana na kazi hiyo ya karibu na wagonjwa, baadhi ya mapadre walianza kufikiri tofauti. Padre Bernard Joinet wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Tanzania miaka mingi, aliwafundisha watu kwa mfano wa gharika. Maji yamefurika, na kuna vyombo vitatu: kujizuia, uaminifu wa wenza wawili, na kondomu. Mtu anaweza kuhama kutoka chombo kimoja kwenda kingine kadiri maisha yake yanavyobadilika; asichopaswa kufanya ni kuogelea ndani ya gharika. Joinet hakusema vyombo vyote vinalingana mbele ya Mungu. Alisema mtu aliyekufa maji hawezi tena kupanda chombo kilicho bora. Mtazamo huo uliwafaa maelfu ya vijana kuliko mabango ya pande zote mbili, ya wale waliosema mpira ni kila kitu na wale waliosema mpira ni kifo.

Kuhusu mabango hayo ya pili inanilazimu kuwa mkali. Mwaka 2003 Kardinali Alfonso López Trujillo, aliyekuwa mkuu wa Baraza la Kipapa la Familia, alidai kwenye televisheni ya Uingereza kwamba virusi vinaweza kupenya kwenye mpira wa kondomu. Shirika la Afya Duniani lilikanusha. Tafiti za wenza ambao mmoja wao ana VVU zimeonyesha kwamba kondomu ikitumika kila mara hupunguza maambukizi kwa takriban asilimia 80. Haiondoi hatari yote, na ni halali kumwambia mtu hivyo. Lakini madai ya mpira wenye matundu yalienea katika shule na jumuiya ndogondogo zetu, na yaliaminiwa kwa sababu yalitoka kwa watu wenye kanzu. Hoja ya kimaadili iliyo imara haihitaji sayansi ya uongo. Kuna amri ya nane pia, ile inayokataza uongo, na anayemdanganya mtu juu ya jambo linalohusu uhai wake amevunja zaidi ya hiyo.

Benedikto XVI aliposema, akiwa ndani ya ndege kuelekea Yaoundé tarehe 17 Machi 2009, kwamba tatizo la UKIMWI haliwezi kushindwa kwa kugawa kondomu na kwamba kugawa huko kunalizidisha, dunia ilimshambulia. Nadhani alishambuliwa kwa haraka mno kwa upande mmoja, na akatetewa kwa haraka mno kwa upande mwingine. Katika kiwango cha sera kuna ukweli katika maneno yake. Uganda ilishusha maambukizi kutoka karibu asilimia 15 ya watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi kati ya 5 na 7 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na watafiti wengi, akiwemo Mmarekani Edward Green ambaye alimtetea Papa hadharani, wanaona sababu kubwa ilikuwa watu kupunguza idadi ya wapenzi. Thailand, ambako ugonjwa ulikuwa umejikita katika madanguro, ilifanikiwa kwa kampeni ya kondomu iliyoenezwa nchi nzima mwaka 1991. Mazingira tofauti yalitaka silaha tofauti. Lakini sera ya taifa ni jambo moja, na jibu kwa mtu aliyeketi mbele ya mshauri nasaha akiwa na karatasi ya majibu mkononi ni jambo jingine kabisa. Mtu huyo hagawi kondomu kwa umma. Anauliza afanye nini usiku wa leo.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote: wenza wenye majibu tofauti, mmoja ana VVU na mwingine hana. Kati ya ndoa zilizoguswa na ugonjwa katika eneo letu, zilizo katika hali hiyo ni nyingi sana. Wengi wao walifunga ndoa kanisani. Mfikirie mke asiye na virusi ambaye hakuwahi kutoka nje ya ndoa. Ujumbe wa uaminifu hauna la kumwambia, kwa sababu yeye ni mwaminifu na uaminifu wake ndio unaomweka kwenye hatari.

Baraza la Maaskofu Katoliki wa Kusini mwa Afrika, linalounganisha Afrika Kusini, Botswana na Eswatini, lilikabiliana na swali hilo Julai 2001. Askofu Kevin Dowling wa Rustenburg, ambaye jimbo lake liko kwenye ukanda wa migodi, alikuwa akiwaona wanawake maskini wakifa, na alitaka baraza litamke kwamba kondomu inaweza kutumika kulinda uhai. Baraza halikufika alikotaka. Tamko lao, lililoitwa Ujumbe wa Matumaini, lilikataa kampeni za kugawa kondomu. Lakini ndani yake mlikuwa na aya kuhusu wanandoa wenye majibu tofauti: wasikilize dhamiri zao, kwa kuwa wao peke yao ndio wanaoweza kuchagua njia inayofaa ya kujikinga na maambukizi. Kwa kadiri ninavyoona, hiyo ni aya muhimu kuliko zote zilizoandikwa na maaskofu wa Afrika kuhusu UKIMWI, na inasikitisha kwamba haijasomwa vya kutosha katika makanisa ya Kilimanjaro, Kisii au Bujumbura.

Mjadala uliendelea Ulaya. Januari 2004 Kardinali Godfried Danneels wa Ubelgiji alisema kwamba mwenye virusi akifanya ngono bila kinga anavunja amri ya tano juu ya ile ya sita. (Wakatoliki huhesabu usiue kuwa amri ya tano na usizini kuwa ya sita, ilhali Waprotestanti wengi, isipokuwa Walutheri, huzihesabu ya sita na ya saba.) Mwaka huohuo Martin Rhonheimer, padre Mswisi wa Opus Dei, jina ambalo halihusishwi na uasi, aliandika katika jarida la The Tablet kwamba Humanae Vitae ilikataza tendo la kuzuia uzazi na tendo hilo hutambuliwa kwa kusudi, kwa hiyo anayevaa mpira ili asiambukize hazuii uzazi kwa maana ya waraka. Benedikto mwenyewe, katika mahojiano na Peter Seewald yaliyochapishwa Novemba 2010, alikiri kwamba kahaba anayetumia kondomu ili kupunguza hatari ya maambukizi anaweza kuwa anapiga hatua ya kwanza kuelekea uwajibikaji. Idara ya Mafundisho Sadikifu ilitoa ufafanuzi tarehe 21 Desemba 2010: Papa hakuwa akizungumzia ndoa, wala hakuwa akihalalisha ovu dogo. Lakini ufafanuzi huohuo uliandika kwamba anayejua ana virusi na akahatarisha uhai wa mwingine anatenda dhambi dhidi ya amri ya tano, mbali na ile ya sita. Maneno ya Danneels, yaliyowakera wengi mwaka 2004, yakawa katika hati ya Roma mwaka 2010.

Miaka mitano baadaye, tarehe 30 Novemba 2015, Fransisko alikuwa akirudi Roma kutoka Bangui, baada ya kutembelea Kenya na Uganda. Aliulizwa juu ya kondomu na UKIMWI. Alisema kondomu ni mojawapo ya njia, na kwamba maadili ya Kanisa hapo yanakuwa katika utata, kati ya amri ya tano na ya sita. Kisha akasema swali lenyewe ni dogo mno mbele ya njaa, unyonyaji na ukosefu wa maji safi, akakumbusha jinsi Yesu alivyoulizwa kama ni halali kuponya siku ya Sabato. Namheshimu sana Fransisko, na njaa ni swali kubwa kweli. Lakini siwezi kukubali kwamba swali la mke wa Kikatoliki wa Rubya, Kagera, au wa Masaka ni dogo. Kwake yeye ndilo Sabato yenyewe.

Wapinzani wa Rhonheimer wana hoja ambayo haipaswi kupuuzwa. Wanasema tendo la ndoa lenye kizuizi si tendo la ndoa kamili, bila kujali kusudi, kwa hiyo wenza hao wanapaswa kujizuia moja kwa moja. Kwa wengine inawezekana, na wako wanandoa walioishi hivyo kwa upendo mkubwa. Kama sharti kwa wote, hata hivyo, linagongana na Mtume Paulo mwenyewe, ambaye katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anawataka wanandoa wasinyimane isipokuwa kwa mapatano na kwa muda. Tena linadhani kwamba mke ana uwezo wa kukataa. Katika nyumba nyingi hana. Waraka wa Baraza la Kipapa la Familia kwa waungamishaji, wa mwaka 1997, uliitambua hali ya mwanandoa ambaye mwenzake ndiye anayeharibu uzazi wa tendo, ukaruhusu ushirikiano wake kwa masharti. Ikiwa Kanisa linaweza kumwonea huruma mke ambaye mumewe anavaa mpira asizae, sioni linawezaje kumnyima huruma yule anayemsihi mumewe auvae ili asimuue.

Na kuna swali ambalo wapinzani hao hawajanijibu kwa kuridhisha. Mwanamke aliyekoma hedhi, au aliyekwisha kubeba mimba, hawezi kupata ujauzito kwa tendo hilo. Mume wake mwenye VVU akivaa mpira, ni uzazi gani unaozuiwa? Katika hali hiyo kondomu haiwezi kuwa njia ya uzazi wa mpango hata mtu akitaka iwe. Ikiwa bado inakatazwa, basi kinachokatazwa si kile ambacho Humanae Vitae ilikataza, na anayekataza anapaswa kutuonyesha amri nyingine anayoitegemea.

Kuhusu utoaji mimba nitasema kwa ufupi zaidi, kwa sababu msimamo wa Kanisa hauna utata na mimi siupingi. Uhai wa aliye tumboni ni suala la haki. Ninalolipinga ni namna msimamo huo unavyotetewa. Mwaka 2010 maaskofu wa Kenya waliwaomba waumini wakatae rasimu nzima ya katiba, hasa kwa sababu ya ibara ya 26, inayoruhusu utoaji mimba pale mtaalamu wa afya anapoona mama anahitaji matibabu ya dharura au uhai au afya yake iko hatarini. Tarehe 4 Agosti wapiga kura waliikubali kwa takriban asilimia 67. Sheria ikabaki, na wanawake wakaendelea kufa nje ya sheria: makadirio yaliyotolewa na watafiti pamoja na Wizara ya Afya yalifikia matukio karibu 465,000 ya utoaji mimba nchini Kenya mwaka 2012, mengi yasiyo salama. Nguvu iliyotumika kwenye kura ile ingetumika kuuliza kwa nini wasichana hawa wanafika huko. Tanzania iliwafukuza shule wanafunzi waliopata mimba kwa miongo mingi, mpaka serikali ilipowaruhusu kurudi Novemba 2021. Msichana aliyejua kwamba akionekana na mimba masomo yake yamekwisha alikuwa akisukumwa kuitoa na kanuni ya shule. Shule za dini nazo zilifukuza, na hilo lilikuwa ni kuuza uhai wa mtoto kwa sifa ya shule.

Sheria ya Kanisa, kwa mara nyingine, ina upole kuliko mahubiri. Aliyekuwa hajatimiza miaka 16 hapati adhabu ya kutengwa, na hofu kubwa au kulazimishwa huiondoa adhabu hiyo ya papo hapo. Tangu Novemba 2016 kila padre ana mamlaka ya kuondolea dhambi hiyo katika kitubio bila kumtuma mtu kwa askofu. Ni wasichana wangapi wa kidato cha pili wanalijua hilo? Wanalojua ni kwamba wamelaaniwa.

Yohane Paulo II aliamini kwamba mazoea ya kuzuia mimba huzaa mazoea ya kuitoa. Takwimu za kimataifa zinatoa picha iliyochanganyika: Bulgaria na Kazakhstan utoaji mimba ulipungua kadiri matumizi ya njia za kisasa yalivyoongezeka, ilhali Cuba, Singapore na Korea Kusini vyote viwili vilipanda kwa pamoja kwa muda fulani, familia zilipokuwa zikitaka watoto wachache haraka kuliko huduma zilivyofika. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba njia kutoka kidonge hadi kutoa mimba si ya lazima. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 ya wanawake walioolewa nchini Kenya wanatumia njia za kisasa za uzazi wa mpango, na Tanzania asilimia 31. Katika nchi ambazo Wakatoliki ni sehemu kubwa ya jamii, hao hawawezi kuwa wote ni wa madhehebu mengine. Kanisa likiwa na imani na njia za asili, liwafundishe wanaume. Kupima ute na kuhesabu siku ni kazi ya mwanamke, lakini kusubiri ni kazi ya wawili, na sijaona parokia nyingi zinazowaita waume kwenye somo hilo.

Tiba imebadilisha mazingira ya mjadala. Utafiti wa HPTN 052, uliotangazwa 2011 na kuhusisha jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa zikiwemo Kenya na Malawi, ulionyesha kwamba mwenye VVU akianza dawa za kufubaza virusi (ARV) mapema hatari ya kumwambukiza mwenzake hupungua kwa asilimia 96. Utafiti mwingine, uliohusisha jozi zaidi ya 4,700 za wenza wa Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba asiye na virusi akimeza dawa kinga, PrEP, anapunguza hatari kwa takriban asilimia 75. Dawa hizi hazizuii mimba. Hakuna ibara ya Humanae Vitae inayozigusa. Wanandoa wenye majibu tofauti sasa wanaweza kuishi ndoa yao na hata kupata watoto wasio na virusi, na hospitali za Kanisa zinapaswa kuwa za kwanza kutangaza habari hiyo kuanzia altareni.

Wapo watakaosema kwamba kwa hiyo swali la kondomu limekwisha. Halijakwisha. Virusi havifubai siku ya kwanza ya kumeza dawa. Kuna miezi ya kusubiri. Kuna wanaoacha dawa. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki za huduma na tiba ya VVU (CTC) katika nchi kadhaa zilitikisika, zikiwemo zilizo ndani ya hospitali za Kikatoliki. Dawa ikikosekana, wenza wale wanarudi pale walipokuwa Otunga alipowasha moto.

Parokia nyingi huwataka wachumba wapime VVU kabla ya ndoa. Kuwa na VVU si kizuizi cha ndoa katika sheria ya Kanisa. Wachumba wenye majibu tofauti wakitaka kuoana, padre atawafungisha. Kuanzia hapo kitabu cha mafundisho ya ndoa hakina ukurasa kwa ajili yao. Mabaraza ya maaskofu ya ukanda wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia hadi Zambia, yanaweza kuuandika ukurasa huo bila kubadilisha fundisho hata moja: waelezwe ARV na PrEP, waelezwe kwamba kuhatarisha uhai wa mwenzako kwa kujua ni dhambi dhidi ya amri ya tano, kama Roma ilivyokwisha kusema, na waambiwe, kama maaskofu wa kusini walivyosema mwaka 2001, kwamba uamuzi juu ya kinga nyingine ni wa dhamiri zao wawili. Mshauri nasaha wa hospitali ya jimbo akiwa na ukurasa huo mezani, hatalazimika tena kumwambia mgonjwa neno moja mlango ukiwa wazi na neno jingine mlango ukifungwa.